Jaribio lenye jibu tayari si jaribio

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Nne aliyejiandaa vyema kwa mtihani wa kemia ni jambo gani hutokea amonia inapotiwa tone kwa tone katika myeyusho wenye shaba. Atakujibu bila kupepesa macho: hutokea mashapo ya buluu hafifu, na amonia ikizidishwa mashapo hayo huyeyuka, myeyusho ukabaki na rangi ya buluu iliyokolea. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Sasa muulize swali la pili: wewe mwenyewe uliyaona hayo lini? Hapo wengi watatazama chini. Yupo aliyemwona mwalimu akifanya mara moja mbele ya darasa lililofurika. Yupo aliyesubiri mpaka siku ya mtihani. Na yupo aliyekwisha kuandika jibu kwenye karatasi kabla hajaishika neli ya majaribio.

Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mwalimu wa kemia, na huenda msomaji akauliza ni lipi lililonitoa kwenye sarufi likanipeleka maabarani. Ni neno moja tu. Neno "jaribio" limetokana na kitenzi "jaribu", na ajaribuye hana hakika ya mwisho wa jambo lake. Anaweza kufaulu, anaweza kushindwa, na anaweza kukuta jambo la tatu ambalo hakulitarajia kamwe. Katika maabara zetu nyingi neno hilo limebaki ilhali maana yake imetoweka. Kile tukiitacho jaribio ni maonyesho ya jibu lililokwisha kuandikwa ubaoni, na mwanafunzi hutakiwa alithibitishe, si alitafute. Hoja yangu leo ni kwamba ufundishaji wa namna hiyo haumnyimi mwanafunzi maarifa ya sayansi tu. Humfunza pia tabia mbaya, nayo ni kuyakana aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe.

Nitatoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nilipokuwa katika shule ya upili, tulifanya zoezi lile linalojulikana na kila mwanafunzi wa kemia: kudondosha asidi kutoka kwenye bureti mpaka alkali iliyo chini ibadilike rangi, kisha kuandika kiasi cha asidi kilichotumika. Tulikuwa wanne kwa bureti moja. Mimi nilipata sentimita mchemraba 26.3. Mwalimu wetu alikuwa amepata 24.8, na sote tulijua kwamba alama hutolewa kwa kadiri mwanafunzi anavyokaribia tarakimu ya mwalimu. Nilichukua kifutio, nikaiondoa tarakimu yangu, nikaandika 24.7 ili nisionekane kuwa nimenakili. Nilipewa alama zote.

Leo ninajua kwamba huenda katika ncha ya bureti yetu mlikuwa na kiputo cha hewa. Kiputo hicho kikitoka, nafasi yake hujazwa na asidi, na bureti husoma kwamba asidi iliyotumika ni nyingi kuliko ilivyo kweli. Lau mtu angaliniuliza tarakimu yangu ilikuwa kubwa kwa sababu gani, nusu saa ya kukitafuta kile kiputo ingalinifunza kupima kuliko muhula mzima wa kunakili ubao. Lakini hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza. Nilichojifunza siku ile ni kwamba macho yangu yakitofautiana na daftari la mwalimu, macho ndiyo yenye makosa.

Waama, mtihani una sehemu yake katika lawama hii. Katika KCSE, mtihani ulioanza mwaka 1989, biolojia, kemia na fizikia kila moja ina karatasi tatu. Mbili za kwanza zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ya vitendo, ina alama 40. Kuwapo kwa karatasi hiyo ya tatu ni jambo la kujivunia. Lakini shule hazina budi kupewa mapema maagizo ya siri kuhusu kemikali na vifaa vinavyohitajika, na mwalimu mzoefu akiyasoma anaweza kulikisia swali kabla halijafika. Kutoka hapo hatua ya kumkaririsha mtahiniwa si ndefu. Karatasi iliyokusudiwa kupima uwezo wa kuchunguza hugeuka kuwa karatasi ya kupima kumbukumbu, tofauti ikiwa tu kwamba mkononi mna neli badala ya kalamu.

Yapo madhara makubwa zaidi ya haya, na kisa cha kijana mmoja wa nchi jirani kitatuonyesha. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi pale walikuwa na mazoea ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa ikigombewa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba naye, akichelea kuikosa nafasi, aliweka yake yangali moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado yalikuwa kama uji mzito.

Mpemba alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo. Aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa, kwani haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, darasa lilipokuwa likijifunza kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Safari hii mwalimu alimjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu wenzake walimdhihaki kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Tazama basi jinsi swali lilivyogeuzwa kuwa aibu ya mwulizaji.

Bahati yake ni kwamba Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alizuru shule hiyo. Mpemba aliinuka mbele ya wanafunzi wenzake na kumwuliza swali lile lile. Osborne hakuwa na jibu, wala hakujifanya analo. Aliahidi kwamba atalijaribu jambo hilo. Huko chuoni alimwagiza fundi wa maabara alifanye jaribio. Fundi alirudi na habari kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila akaongeza kwamba wangelirudia jaribio mpaka wapate matokeo yaliyo sawa! Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaikumbuka ile 24.7 yangu. Hata fundi wa chuo kikuu alikuwa amefunzwa kwamba jibu lipo tayari mahali fulani, na kazi ya vyombo ni kulifikia. Osborne hakukubali kusimama hapo. Majaribio yaliendelea, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Jambo lenyewe likaja kupewa jina la Mpemba ulimwenguni kote.

Isidhaniwe kwamba Mpemba alikuwa amegundua sheria isiyopingika. Hata leo wataalamu hawajaafikiana. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walichapisha matokeo ya majaribio yao wakisema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji moto hupoa upesi kuliko maji baridi, na walionyesha jinsi mahali pa kupimia joto panavyoweza kumdanganya mpimaji. Wengine wangali wakitetea kwamba jambo hilo hutokea katika hali fulani. Kwangu mimi hilo linaipa hoja nguvu zaidi. Swali la mvulana mmoja kuhusu aiskrimu limewashughulisha wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne. Je, ni maswali mangapi ya namna hiyo ambayo yamezikwa katika madarasa yetu kwa kicheko?

Fikra ya kumfundisha mwanafunzi sayansi kwa kumwacha achunguze mwenyewe si ngeni hapa Kenya. Mwaka 1998 serikali yetu, ikisaidiwa na Japani, iliuanzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za upili. Ulianza katika wilaya chache, na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchini kote. Nguzo zake zilikuwa shughuli, mwanafunzi, jaribio, na ubunifu wa vifaa kutokana na vitu vinavyopatikana karibu. Mwalimu alihimizwa apange, atende, atazame yaliyotokea, kisha arekebishe. Maelfu ya walimu walihudhuria mafunzo hayo nyakati za likizo.

Mbegu hiyo ilikuwa njema, lakini ilipandwa katika shamba lenye magugu. Mwalimu alirudi shuleni akiwa na ari ya kuwaacha wanafunzi wavumbue, akakuta mwalimu mkuu anamwuliza silabasi itamalizika lini, mzazi anamwuliza wastani wa alama utakuwa ngapi, na mwanafunzi mwenyewe anamwomba madokezo ya kukariri. Uchunguzi huchukua muda, na muda ndicho kitu cha kwanza kukatwa mtihani unapokaribia. Mwalimu si mvivu. Amesoma ishara za wakati akafuata kinacholipwa.

Sasa tumo katika mabadiliko makubwa kuliko yote tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Mwaka huo huo wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 7, na Januari 2026 kikosi hicho kikaingia Gredi ya 10, kila mmoja akiwa na mkondo wake, ukiwamo ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. KCSE ya mwisho ya mfumo wa zamani imepangwa kufanywa mwaka 2027. Mtaala mpya unasema waziwazi kwamba mwanafunzi atende na atafakari. Maneno hayo ni matamu. Hofu yangu ni kwamba kutenda na kuchunguza si kitu kimoja.

Tumekwisha kuuona mfano. Wazazi wamelalamika kwamba kazi za mradi wanazofanya watoto huwa kazi za baba na mama usiku, na kwamba mwenye fedha hununua kilicho tayari. Mikono imeshughulika, naam, lakini akili ya mtoto haikuulizwa neno. Mwanafunzi anayebandika picha za sehemu za ua kwenye karatasi ngumu hajachunguza zaidi ya yule anayezikariri. Aidha, madarasa ya Gredi ya 7 hadi ya 9 yaliwekwa katika shule za msingi, ambazo nyingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Mwalimu wa sayansi huko aghalabu hujikuta na ubao, chaki, na darasa lenye hamu.

Je, bila maabara uchunguzi hauwezekani? Nitatoa mfano mmoja. Katika Magharibi mwa Kenya, wapishi wa mboga za kienyeji huchoma maganda makavu ya maharagwe, wakachuja maji katika majivu yake, wakapata munyu wa kulainishia mrenda na kunde. Mwalimu na aanzie hapo. Achemshe maua mekundu ya hibiskasi, yale yaotayo kwenye nyua, apate maji ya rangi. Maji hayo yakitiwa katika maji ya majivu hugeuka kijani, kwa kuwa majivu yana alkali. Yakitiwa katika maji ya ndimu hugeuka mekundu, kwa kuwa ndimu ina asidi.

Mpaka hapo bado ni maonyesho. Uchunguzi huanza mwalimu anapouliza: majivu ya maganda ya maharagwe na majivu ya kuni, yapi yana alkali zaidi, nasi tutajuaje? Kisha anyamaze. Baada ya ubishi, yupo atakayesema tuhesabu matone ya ndimu yanayohitajika kuirudisha rangi nyekundu. Mwingine atasema haitakuwa haki majivu ya huku yakiwa kijiko kimoja na ya kule vijiko viwili. Wa tatu atakumbusha kwamba ndimu hazilingani ukali, basi maji ya ndimu zote yachanganywe kwanza. Kundi moja litapata matone mengi na jingine machache kwa majivu yale yale, na hapo watagundua kwamba tone la huyu ni kubwa kuliko tone la yule. Wengine wataona viputo vikitoka wakati ndimu inapoongezwa, watauliza hewa hiyo ni ya nini, na mwalimu atakuwa amepata somo la wiki ijayo. Mwalimu awatahadharishe tu wasijitie maji ya majivu machoni. Gharama yake ni ndimu chache. Wanafunzi hao wamefanya zoezi langu la bureti, tofauti ikiwa kwamba wao hawana tarakimu ya mtu mwingine ya kunakili.

Katika ubishi huo ndipo suala la lugha linapoingia, nami naomba ruhusa kurudi nyumbani kwangu. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kutetea kwa Kiswahili ni kwa nini jaribio la mwenzake si la haki. Mwambie aseme hayo kwa Kiingereza naye hunyamaza, si kwa kukosa wazo bali kwa kukosa maneno. Hapo hukimbilia sentensi ya kitabu, kwa kuwa hiyo haina hatari. Basi kukariri ni kimbilio la asiye na lugha ya kuuliza. Kiswahili kina hazina ya kutosha kwa kazi hii. Kuona si kutazama, kutazama si kukagua, na kukagua si kuchunguza wala kudadisi. Kila kitenzi kina kiwango chake cha bidii. Hata istilahi zimekwisha kushughulikiwa: mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Sisemi mtihani uandikwe kwa Kiswahili kesho. Nasema wanafunzi waruhusiwe kubishana kwa lugha wanayoimudu kabla hawajaandika kwa lugha wanayotahiniwa.

Wapo watakaonipinga, na baadhi yao wana hoja nzito. Mwaka 2006, Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walichapisha makala mashuhuri wakidai kwamba kumwachia mwanafunzi mgeni avumbue kila kitu bila mwongozo hakumsaidii, kwani akili yake huzidiwa na mambo mengi kwa pamoja. Nakubaliana nao kwa kiasi kikubwa. Hakuna mtoto atakayeivumbua jedwali ya elementi kwa kuchezea majivu. Yako mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaeleza, na wanafunzi hawana budi kuyashika. Lakini katika mfano wangu mwalimu hakuondoka darasani. Yeye ndiye aliyechagua swali, akaandaa vifaa, akajua ni wakati gani wa kusema na wakati gani wa kunyamaza. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika ubaoni, nayo yastahili kuheshimiwa hivyo.

Basi tufanye nini? Kwanza, katika upimaji wa vitendo, tutoe alama kwa tarakimu ya kweli na maelezo yake, hata ikitofautiana na ya mwalimu. Mtahiniwa aandikaye kwamba alipata 26.3 na kwamba anashuku kiputo cha hewa amedhihirisha umilisi kuliko aliyeibuni 24.7. Pili, kila mwanafunzi wa mkondo wa sayansi afanye angalau uchunguzi mmoja wa swali lake mwenyewe, na daftari lake lifanyiwe kazi shuleni, mbele ya mwalimu, wala lisipelekwe nyumbani kwa mzazi. Tatu, shule za upili zenye maabara zifungue milango kwa madarasa ya shule za msingi jirani, kwa ratiba inayojulikana. Nne, mwalimu apewe muda. Silabasi fupi iliyoeleweka ni bora kuliko ndefu iliyokimbizwa.

Haya yote hayatafaa kitu iwapo darasa litaendelea kumcheka anayeuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mwanafunzi huyaamini zaidi macho ya mwalimu wake kuliko methali. Walisema pia kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Tumewalisha wanafunzi wetu nta kwa miaka mingi, wakaitafuna na kupata alama.

Ndugu mwalimu, mwanafunzi wako atakapokuletea tarakimu usiyoitarajia, usimwambie imekosewa. Vuta kiti, uketi naye, umwulize: uliipataje? Huenda mkakipata kiputo cha hewa tu. Huenda mkapata jambo ambalo hata wewe hukulijua. Nawe mwanafunzi unayesoma haya, kalamu yako ina kifutio upande mmoja. Kabla hujakigeuza, hakikisha kwamba unachokifuta ni kosa, si ushahidi.